Diski Iliyopelekwa Bisil

"Mashine mpya ikifika mbele yako, imetolewa kwa katoni sasa hivi, kitu ya kwanza unaiwekea ni gani?" Hilo ndilo swali Bwana Mutiso aliloniuliza siku niliyokwenda kuomba kazi Kitengela, na sikuweza kulijibu. Nilikuwa na digrii ya kompyuta, nilikuwa na kiburi cha mtu aliyewahi kubishana na mhadhiri mbele ya darasa zima na kushinda, na bado nikakaa pale kwenye kiti cha plastiki nikibahatisha. Nilisema unaiwekea mfumo wa kuiendesha. Akatikisa kichwa. Nikasema basi ni programu ya kuzuia virusi. Akatikisa tena, bila ubaya wowote, kama mtu anayekataa kuongezewa sukari. "Sawa, utaanzia kaunta," akasema, na akarudi kwenye mashine aliyokuwa ameifungua. Jibu hakunipa. Nilishuka ngazi nikijiambia kwamba swali lenyewe halikuwa na maana, kwa sababu wakati huo nilikuwa na tabia ya kuyashuku maswali niliyoyashindwa.

Mwezi uliopita Kyalo alinipigia simu kuniambia kwamba lile jengo limeuzwa na litabomolewa. Mwenye kununua anataka kujenga ghorofa nyingi pale, zenye maduka chini na vyumba vya kupanga juu, kama kila mtu Kitengela siku hizi. Kyalo alipendekeza sisi watatu tuliofanya kazi pale tukutane tule nyama kwenye bucha iliyokuwa jirani yetu, kabla ya kuta kuangushwa. Nilifika mapema kidogo ili nipande ngazi peke yangu. Chumba kilikuwa kitupu, na kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka. Ukutani palibaki alama ya mstatili mahali meza ndefu ya kazi ilipoegemea. Nilisimama pale nikagundua kwamba mwaka wangu wa kwanza mle ndani, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ninaukumbuka vizuri kuliko miaka mingine mingi iliyokuwa na mambo makubwa zaidi.

Tulikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini waliuza mabati, misumari na simiti, na kila lori la mawe lililotoka machimboni lilipopita barabara ya Namanga madirisha yetu yalitetemeka na vumbi likapanda. Vumbi lile ndilo lililokuwa adui wetu. Kabla Bwana Mutiso hajafungua kompyuta yoyote, dirisha lilifungwa, meza ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji, na gunia lililolowanishwa likawekwa mlangoni ili kila anayeingia afute viatu. Kyalo, fundi wa pili, alikuwa na msemo wake: "Hapa Kitengela hatuuzi kompyuta, tunauza vumbi, alafu kompyuta iko ndani." Mwanaume mrefu, mwenye mdomo, aliyekuwa akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini anapokaza skrubu. Bwana Mutiso yeye alikuwa mtu wa makamo, aliyetumikia chumba cha kompyuta katika kiwanda kimoja Athi River tangu enzi za mashine zilizojaa chumba kizima. Alitembea taratibu na kuongea kidogo, na fulana yake ya sufu hakuivua hata jua lilipochoma bati.

Chakula cha mchana mkewe, Mama Mwende, alikileta mwenyewe au akakituma: muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa, wenye maharagwe, umejaa kwenye bakuli lenye kifuniko lililohifadhi joto hadi saa tisa. Kyalo aliongeza chapati kutoka kibanda cha ng'ambo. Tulikula tukiwa tumekaa juu ya maganda ya skrini zilizokufa, na kupitia sakafu ya mbao tulisikia kila kitu kilichosemwa dukani chini. Mwenye duka, mama mmoja kutoka Nyeri, alikuwa akiwapima madereva wa malori kwa maneno. "Wewe ulisema utakuja Jumatatu. Jumatatu iliisha ikaenda, ikaacha hata wewe." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nilikuwa na furaha mle chumbani, na ilinikera kuwa na furaha, kwa sababu nilikuwa kaunta.

Kaunta ilikuwa mlangoni. Nilipokea simu, niliandika jina la mteja kwenye karatasi na kuibandika kwenye mashine yake, niliuza karatasi na wino. Mtu akipanda ngazi akiwa na kompyuta mikononi aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, akauliza, "Fundi yuko?" Nikisema niambie shida, anajibu, "Hapana, fundi mwenyewe." Mara moja mzee mmoja alikataa hata kuiweka mashine chini mpaka Kyalo atoke. Kyalo alitoka, akaisikiliza shida yote kwa makini, kisha akanigeukia: "Daktari, unaonaje?" Mzee akaangua kicheko akidhani ni mzaha. Sikucheka. Nilichotaka mwaka ule kilikuwa kitu kimoja tu: kuvuka zile hatua chache kutoka kaunta hadi meza ndefu. Bwana Mutiso alikijua, kwa sababu nilimwambia karibu kila wiki.

Sikuweza kukaa kimya. Kutoka kaunta niliiona meza yote, na kila kilichofanyika nilikiulizia. Seva ilikuwa mashine kubwa tuliyoiuzia shule, hospitali ndogo na vyama vya ushirika, ile inayotunza kumbukumbu za wote na kuzigawia kompyuta nyingine. Zilipofika kwetu, Bwana Mutiso hakuziwekea chochote mwanzoni. Aliiwasha kila moja, akabonyeza kitufe kabla haijaenda mbali, akaingia kwenye ile skrini ya buluu ambayo watu wengi hawajui ipo, BIOS, mahali mashine inapoambiwa jinsi ya kuamka. Alikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyoona kuna haja. Siku moja nilisogea nikasimama nyuma ya bega lake. Kitu cha kwanza alichogusa kilikuwa saa. Alitoa simu mfukoni, akalinganisha dakika, akarekebisha tarehe.

"Kwa hivyo ilikuwa saa," nikasema. "Ile siku ya kwanza."

"Mashine ambayo haijui leo ni lini, kila kitu inaandika ni uwongo."

"Lakini si unaweza kurekebisha saa baadaye?"

"Unaweza." Akashuka hadi mstari uliofuata. "Na ule uwongo utaurekebisha na nini?"

Hilo nalo nilikwenda nalo nyumbani. Nilikuwa na mengine. Kwa nini alizima uwezo wa mashine kuwaka yenyewe stima inaporudi? Watengenezaji waliuweka kwa sababu nzuri, nikasema, kwamba ofisi ikifunguliwa ikute seva tayari iko macho. Akaniambia watengenezaji hao hawalipi bili ya stima Kajiado. Huku kwetu stima hairudi mara moja, inabisha hodi kwanza: inakuja, inaenda, inakuja na nguvu ya kuchoma balbu, inaenda. Mashine inayokurupuka kila ikibishiwa hodi haitamaliza mwaka. Ibaki imezimwa, mtu aje aiwashe kwa mkono, akiwa ameona taa zimetulia. Nikasema mtu huyo anaweza kusahau. Akavua miwani. "Wambui, chuo walikufundisha kuuliza, ama walikufundisha kuuliza mimi?" Kyalo akaimba ubeti mzima wa kwaya ili asicheke.

Baada ya BIOS zilifuata diski. Hapo ndipo Bwana Mutiso alipokuwa mkali. Seva zetu zilikuja na diski mbili, na kabla ya programu yoyote kuingia ziliunganishwa kwa mpango unaoitwa RAID, hivi kwamba chochote kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili. Tuliziita pacha. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, na watu ofisini hawatajua isipokuwa kwa mlio. Kinachoudhi ni kwamba kuziunganisha kunafuta kila kilichomo. Kyalo aliwahi kuruka hatua hiyo kwenye seva ya shule moja. Alikuwa na haraka, akaweka mfumo, akaweka programu zote, akasema pacha ataunganisha mwisho. Alipofika mwisho mashine ikamuuliza kama ana hakika, naye akasema ana hakika, na kazi ya siku mbili ikaondoka kama moshi. Hakukasirika. Alikwenda kununua chapati. Aliporudi akarudia yote kuanzia kwenye saa, akaniambia bila kuulizwa, "Msingi hauwezi kuchimbwa nyumba ikiwa imeshaezekwa. Andika hiyo hapo kwa kaunta yako."

Safari ya Kajiado ilinifikia kwa sababu ya harusi. Chama cha ushirika cha wafugaji kilikuwa kimenunua seva ya kutunzia kumbukumbu za wanachama na maziwa wanayoleta kila asubuhi, na siku ya kuifunga ndiyo siku dadake Kyalo alikuwa akiolewa Kibwezi. Bwana Mutiso alikuwa ameumia mgongo, hawezi kuinama chini ya meza. Akanigeukia. "Utaenda wewe. Ukiifunga vizuri, meza hii ni yako na kaunta nitatafutia mtu. Ukishindwa, kaunta haijaenda mahali." Alisema maneno hayo akiwa anachambua jiwe kwenye muthokoi, nami nilijifanya kuwa ni jambo la kawaida, nikaenda kujifungia chooni nikaruka ruka kimyakimya.

Ofisi ya ushirika ilikuwa jengo la mawe lenye vyumba viwili, bati likilialia kwa joto. Chumba cha nje kilijaa madebe ya maziwa na harufu ya maziwa yaliyolala. Cha ndani kilikuwa na meza, kalenda ya dawa za mifugo, na mashine yangu. Meneja alikuwa Bwana Sankale, mtu nadhifu mwenye suti na fimbo nyembamba aliyoiweka mezani kama watu wengine wanavyoweka kalamu. Mweka hazina alikuwa Mama Nasieku, mama mpana, mwenye shanga shingoni na miwani ya kusomea iliyoning'inia juu ya shanga hizo. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikajibu, kwa sababu msichana niliyelala naye chumba kimoja chuoni alikuwa wa Namanga na alikuwa amenifundisha. Akafurahi kupita kiasi, akaendelea kwa Kimaa, na ilibidi nikiri kuwa nimefika mwisho wa ninachojua.

Nilirekebisha saa. Niliizuia mashine isiwake yenyewe. Niliunganisha diski, nikangoja zikubaliane, nikala nao mchana: wali, nyama ya mbuzi ya kuchemsha, chai ya maziwa matupu, nzito kama uji. Nilipowasha tena nikamwonyesha Bwana Sankale ukubwa wa nafasi, akakunja uso.

"Tulinunua diski mbili. Hapa naona moja."

"Ya pili ipo, ni pacha ya hii. Inaandika kila kitu hii inaandika."

"Kwa hivyo hiyo nyingine imekaa tu."

Nilijua watu wanaouliza hivyo. Nilikuwa mmoja wao. Nikatafuta mfano, na nilipoupata nilijiona mwerevu sana. Yule msichana wa Namanga aliwahi kunieleza kwamba babake hakuweka mifugo yake yote mahali pamoja. Wengine aliwaacha kwa rafiki zake wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga boma lake, asibaki na kamba mikononi. Nikamwambia Bwana Sankale kwamba diski ya pili ni hivyo. Ni ng'ombe uliyempeleka kwa rafiki. Uso wake ukafunguka mara moja. Mama Nasieku ndiye aliyevaa miwani akaniangalia vizuri.

"Ng'ombe yangu ikiwa kwa rafiki inazaa. Hii yako itazaa?"

"Haizai, mama. Inakumbuka tu."

"Basi hiyo si ng'ombe, hiyo ni bibi yangu mzee."

Walicheka, nikacheka. Niliondoka jioni nikiwa mtu mwingine. Nilimpa Bwana Mutiso taarifa yote asubuhi iliyofuata, hatua kwa hatua, nikangoja aniambie nihamie mezani. Akasikiliza hadi mwisho. "Tutaona," akasema. "Mashine haifaulu siku ya kwanza. Inafaulu siku ya kuharibika." Nikarudi kaunta. Nimeyarudia maneno hayo kwa watu wengi tangu hapo, lakini siku ile niliyachukia, na niliuza wino kwa hasira kwa wiki kadhaa.

Kisha simu ikaja. Kyalo ndiye aliyeipokea, na kwa kuwa alipenda watu washiriki, akaiweka kwenye spika. "Hii mashine yenu inalia," alisema Bwana Sankale. Inalia namna gani? "Kama kifaranga imepotea. Tangu juzi. Lakini kazi inafanya." Kyalo akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mlio ule sote tuliujua: diski moja haipo. Bwana Mutiso akachukua funguo za gari lake. "Tunaenda wote," akasema. Njia nzima nilipitia kila hatua kichwani nikitafuta kosa langu. Nilikuwa nimeshajiona nikizeeka kaunta, nikiulizwa fundi yuko wapi na watoto wa wale waliokuwa wakiniuliza.

Tulipoingia chumba cha ndani hatukuiona seva. Tuliona shuka nyekundu yenye mistari imefunika kitu, na chini ya shuka sauti nyembamba ikilalamika. "Ilikuwa inasumbua wageni," Mama Nasieku akaeleza. Niliivuta ile shuka haraka kabla mashine haijaiva. Palipokuwa na diski mbili palikuwa na moja, na kando yake tundu tupu, safi, limefutwa vumbi.

"Diski iko wapi?" nikauliza.

"Iko Bisil," akasema Bwana Sankale.

Bisil ni mji mwingine, mbele ya Kajiado kwenye njia ya Namanga. "Inafanya nini Bisil?" Kyalo akauliza polepole.

"Si huyu msichana alisema ni kama ng'ombe ya kuwekwa kwa rafiki. Hapa tuko na ng'ombe mbili kwa boma moja. Moto ukichoma hii nyumba si zote zinaenda? Nilimpelekea Shapashina wa duka la dawa, mtu mwaminifu. Ameifunga vizuri kwa blanketi."

Kyalo alitoka nje. Tulimsikia akicheka katikati ya madebe ya maziwa mpaka debe moja likaanguka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu wakati ule ule niliona kwamba Bwana Sankale alikuwa na haki. Pacha wawili ndani ya sanduku moja hawawezi kukulinda na moto wala na mwizi. Wanakulinda na kifo cha diski moja, basi. Aliuchukua mfano wangu akaufikisha mahali ambapo mimi mwenyewe sikuufikisha. Wazo lake lilikuwa zima kabisa. Alichokosea ni kuchukua kiungo cha mwili ulio hai.

Alimtuma mtu na pikipiki kuifuata, nasi tukanywa chai. Stima ikapotea tukiwa kwenye kikombe cha pili, na ile seva ikafa ikanyamaza, ingoje kuwashwa kwa mkono kama nilivyoiamuru. Diski ilipowasili ikiwa ndani ya blanketi lake, Kyalo, akitaka kusaidia, alikuwa ameshaitoa na ile nyingine ili aipulize vumbi. Akazirudisha zote mbili kwenye matundu. Stima ikabisha hodi mara kadhaa, ikatulia. Nikaiwasha mashine. Haikuenda mbali. Ikasimama kwenye skrini nyeusi na kusema, kwa lugha yake kavu, kwamba diski hizi mbili hazikubaliani, nichague ipi ni ya kweli, nyingine ifutwe iandikwe upya kufuata hiyo. Ilizitaja kwa namba tu: sifuri na moja.

Nikaitoa mikono kwenye kibodi. Kumbukumbu za diski ya Bisil zilikuwa zimesimama siku ilipoondoka. Nikiichagua kimakosa, maziwa yote ya wanachama yaliyoandikwa tangu siku hiyo yatafutwa, na hakuna mahali pengine yalipokuwa. Zilikuwa zinafanana kama punje za mahindi. "Kyalo, ya Bisil umeiweka wapi?" Akayainamia matundu. "Kushoto. Nafikiri." Bwana Sankale akasema ile aliyoitoa yeye ilikuwa ya kulia, anakumbuka alitumia mkono wa kulia. Mama Nasieku akamwambia mkono wa kulia anautumia hata kujikuna goti la kushoto. Wakaanza kubishana kwa Kimaa, Kyalo akaapa ni kushoto, kisha akaapa si kushoto.

Nilimgeukia Bwana Mutiso. Alikuwa amesimama nyuma yangu, wima licha ya mgongo wake, mikono yake ameiweka nyuma, macho kwenye skrini. "Boss, nifanye nini?" Hakujibu. Nikangoja. Hakunitazama hata. Nikaelewa kwamba huu ndio ule mtihani, kwamba jibu analo na hatanipa, sawa na siku ile ya kiti cha plastiki. Nilikasirika, na hasira ikanisafisha kichwa. Nikajiambia: hapa hakuna shahidi wa kuaminika hata mmoja, kwa hivyo usimwamini yeyote. Iulize diski yenyewe.

Niliizima mashine. Nikaichomoa diski ya kushoto, nikaiweka mezani kando ya fimbo ya meneja, nikawasha tena na ile moja tu. Ikalia, kwa kuwa ilikuwa peke yake, lakini ikaamka. Nikafungua kumbukumbu za maziwa. "Mama, leo asubuhi umeleta maziwa?" Akasema ameleta, na yalikuwa machache, ndama alikunywa. Nikamwonyesha. Ilikuwa pale: jina lake, tarehe ya leo, maziwa machache. Hii ndiyo iliyobaki Kajiado ikifanya kazi. Mashine ikiwa bado imewaka, nikairudisha ile ya Bisil kwenye tundu lake, taratibu, na baada ya muda taa yake ikaanza kupepesa, ikinakili kila kitu kutoka kwa mwenzake. Kilio kikakoma. Sasa tukasikia bati likilialia juu yetu.

"Imefaulu," akasema Bwana Mutiso. Hilo tu. Kabla ya kuondoka nilikubaliana na Bwana Sankale kwamba kila Ijumaa watanakili kumbukumbu kwenye sidii, na sidii hiyo ndiyo itakayokwenda kwa Shapashina, na diski zisiguswe na mtu hata akiota. Mama Nasieku alitufungia maziwa ya mgando kwenye chupa. Garini, karibu na Isinya, Bwana Mutiso akasema bila kugeuka, "Kyalo, kesho songa kidogo pale mezani." Kyalo akasema alikuwa ameshasonga tangu mwaka jana, ni vile hakuna aliyeona.

Nimeishi kwa kazi hiyo hadi leo. Nimefunga seva Kiserian, Namanga, Nairobi, na hata nje ya nchi, na nimewafundisha wengi. Sijaacha kushuku, nimezishuku kampuni, vitabu vya maelekezo, na wataalamu waliokuja na suti nzuri kuliko ya Bwana Sankale. Lakini ule ukimya wa Kajiado niliupokea mzima, nikaufanya njia yangu ya kufundisha. Mwanafunzi wangu anapokwama mbele ya skrini na kunigeukia, nasimama nyuma yake, mikono mgongoni, nisiseme neno. Wengine hulia kidogo. Wengi hupata jibu. Wamewahi kuniambia kwamba hicho ndicho kitu kigumu na kizuri zaidi walichopata kwangu, nami nikawaambia nilikokitoa.

Mwezi uliopita pale kwenye bucha, tukiwa tumemaliza mbavu na Kyalo amekwenda kuongeza kachumbari, nilimweleza Bwana Mutiso haya. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote, na sasa fulana za sufu anavaa mbili. Nikamshukuru kwa kunyamaza siku ile. Akauweka mfupa chini, akajipangusa vidole kimoja kimoja, akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Mimi sikuwa najua, Wambui. Diski mbili zikigombana, hiyo kitu nilikuwa sijawahi kuona maisha yangu yote. Ningejua si ningekwambia?" Na mikono, akasema, aliiweka nyuma kwa sababu ilikuwa inatetemeka.